Watoro wa Boksi la Saba

Jumanne saa moja na nusu asubuhi, mwalimu wa michezo alikuwa amepiga magoti uwanjani akikoroga chokaa kwenye ndoo, na mama yake ameshika ncha ya kamba. Chokaa ilikuwa na mabonge, kwa sababu mtunza stoo wa shule aliiweka chini ya bomba linalovuja tangu muhula uliopita, na alipoulizwa alisema bomba ndilo lililoikuta chokaa pale. Mama alikuwa na miaka sitini na sita. Magoti yake yalikuwa yanalia kila alipoinama, lakini hakutaka kumwachia mtu mwingine ile kamba. Aliivuta mpaka ikanyooka, akaikanyaga kwa kisigino, akasema, "Chora."

Walikuwa wanachora bwawa. Bwawa lenyewe lilikuwa nusu saa kwa miguu kutoka pale, na mwaka huo lilitimiza miaka sitini tangu kukamilika. Kamati ya maadhimisho ilikuwa imemwita mwalimu mwezi mmoja kabla, ikamkalisha kwenye kiti kilicholegea mguu.

"Mpira wa miguu kila mtu anao," mwenyekiti alimwambia. "Sisi tunataka mchezo wetu wenyewe. Uchezwe nje, uwe wa timu, na uwe na historia ndani yake. Watu wacheke, wajifunze, waende nyumbani."

Alipewa wiki tatu na nakala ya daftari la zamani la ujenzi. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa ukuta, kanuni za kazi, na namba za vibarua mia nne.

Mwalimu hakuwa mtu wa kubabaisha. Alibuni mchezo, akauita Bwawa tu, bila madoido. Timu mbili, kila moja watu ishirini. Moja inaanzia ukingo wa kulia, nyingine ukingo wa kushoto, kila mchezaji amebeba mfuko wa mchanga. Katikati umechorwa ukuta wenye maboksi kumi na mawili, yaani vipande vya kumwagia zege, kama yalivyo kwenye daftari, na kila timu inapanga mifuko yake kutoka upande wake. Wapinzani wanakurushia mpira laini unaoitwa maji. Ukipigwa, unaangusha mfuko na kurudi kuanza upya. Inayofika katikati kwanza ndiyo mshindi.

Kanuni moja aliinakili neno kwa neno, kwa sababu aliona itawafanya watu wakimbie. Zamani kila kibarua alikuwa na kibati chenye namba yake. Akiingia kazini anakitundika kwenye ubao wa misumari getini, na akitoka anakichukua. Daftari lilisema: Asiyechukua kibati chake kabla ya kengele ni mtoro. Mwalimu akaandika vivyo hivyo kwenye ukurasa wa pili wa kanuni zake, kwa mkono wake, kwa wino wa bluu, akaongeza kwamba kila mtoro anaipunguzia timu yake pointi kumi. Karani wa kamati akaipenda mno kanuni hiyo. Alisema mchezo usio na adhabu ni kama darasa lisilo na mlango, na hakuna aliyemwuliza maana yake.

Jezi arobaini zilishonwa, kila moja na namba ya kibarua mgongoni. Namba thelathini na moja mwalimu alizichukua kwa vibarua waliomaliza kazi. Tisa alizichukua kwa watu walioandikwa watoro, wote siku moja, Jumatano moja ya masika. Hakuna aliyekagua. Na katika hizo tisa ilikuwamo mia mbili kumi na nne, namba ya babu yake, baba wa yule mwanamke aliyekuwa anakanyaga kamba kwa kisigino.

Habari ya mia mbili kumi na nne ilikuwa fupi. Aliondoka asubuhi, na jioni kibati chake kikabaki msumarini. Siku ya tatu mnyapara alikuja nyumbani kuchukua blanketi, maana lilikuwa mali ya kambi. Mama, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa amelala ndani yake na homa. Mnyapara alimwambia baba yake ametoroka, akalikunja blanketi vizuri, akaenda nalo. Tangu hapo mtaani akawa binti wa mtoro. Wachumba wawili waliondoa posa baada ya kusikia. Wa tatu alikuwa mkaidi, akaoa, lakini hata yeye walipogombana alijua pa kuchoma. "Ni damu," alikuwa akisema.

Sasa kamati ilikuwa inachonga jiwe la kumbukumbu lenye majina ya wajenzi wote. Watoro hawakuwamo. Mama alikuwa ameandika barua tatu kuomba baba yake achongwe. Barua mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa mstari mmoja, na mwenyekiti aliusaini mwenyewe: Asiyekuwapo na lake halipo.

"Sitaki fidia wala sherehe," mama alimwambia mwanawe. "Nataka nimsome baba yangu kwenye jiwe kabla sijafa. Basi."

Mazoezi ya kwanza yalikuwa Alhamisi alasiri. Fundi baiskeli alivaa mia mbili kumi na nne kwa sababu ndiyo iliyokuwa pana ya kumtosha. Alianza vizuri, anapiga chenga, anacheka peke yake. Alipofika boksi la saba aliweka mfuko chini akakaa. Mwenzake mmoja akaja akakaa hatua nne kutoka alipokaa yeye. Kisha mwingine. Baada ya robo saa walikuwa tisa, wamekaa huku na huku ndani ya boksi lile, mmoja amejikunja ubavu.

"Mnapumzika?" mwalimu aliuliza.

"Hatupumziki," alisema fundi baiskeli. "Hapa ndipo napokaa. Kuinuka naweza, kuondoka ndiyo siwezi."

Aliinuka kumwonyesha. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akainua mguu, mguu ukarudi palepale ulipotoka. Timu ya kushoto ikalalamika kwamba wanazuia njia. Kengele ikapigwa. Wachezaji thelathini na mmoja wakachukua vibati vyao getini, na karani akaandika kwenye karatasi ya matokeo: watoro tisa. Fundi baiskeli alikuwa na mteja anayemsubiri, kwa hiyo akavua jezi. Miguu ikafunguka mara moja. Wenzake nao wakavua, wakaenda zao vifua wazi, wakibishana juu ya pointi.

Jezi zilibaki chini. Mwalimu alishika ya babu yake kwenye kola akaivuta, ikakataa. Mkata majani wa shule alileta mtaimbo. Mtaimbo ulipinda, naye akasema mtaimbo wenyewe ulikuwa wa siku nyingi. Kuanzia kesho yake akawa anakata majani kwa kuzizunguka, na kazi ikamchukua dakika ishirini zaidi, jambo alilolitaja kwa kila aliyepita.

Wiki iliyofuata wakajaribu na wachezaji wengine. Aliyepenyeza mikono ndani ya jezi pale chini aliweza kuinuka nayo, ikawa nyepesi kama jezi yoyote, ila haondoki. Akiivua, inalala mahali pake palepale. Hapo mwalimu akamwendea mhandisi wa bwawa, mtu mpole aliyetembea na futi mfukoni hata kwenye misiba.

Mhandisi alikuja na mchoro wake, akautandaza kwenye majani na kuuwekea mawe pembeni. Mchoro ulionyesha ukuta kama unavyoonekana ukisimama mbele yake, na huo ndio mwalimu alioulaza uwanjani, hatua moja kwa mita mbili. Akapima jezi moja moja, mama akimshikia futi.

"Boksi la saba," alisema. "Lilimwagwa zege Jumatano hiyohiyo ya watoro tisa, imeandikwa hapa. Huyu yuko mita nne kutoka juu. Huyu mita tisa. Mia mbili kumi na nne yuko mita kumi na moja, karibu na katikati."

"Waliwaona wakianguka?" mama aliuliza.

"Nadhani waliwaona. Jukwaa lilikuwa na taa."

"Na hawakusimamisha."

"Zege likianza kumwagwa halisimamishwi, mama. Likisimama njiani halishikani vizuri, ukuta unakuja kuvuja." Alikunja futi. "Ukuta huu haujawahi kuvuja."

Mama alikaa chini karibu na ile jezi. Hakulia. Mwalimu alimsubiri alie ili ambembeleze, maana hilo angeliweza, lakini mama aliendelea kuyang'oa majani yaliyoanza kuipanda kola, moja baada ya jingine, mpaka shingo ya jezi ikawa safi.

"Nimemchukia miaka sitini," alisema. "Kila nilipoumwa nilimchukia. Nilisema yuko mahali anakula na watoto wengine. Kumbe maji tunayokunywa yameegemea mgongo wake."

Kamati ilikutana Jumatatu. Mwalimu alieleza, mhandisi akaonyesha vipimo, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba hakuna aliyewabishia. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akawapa pole, tena pole ya kweli, macho yake yakilengwa. Kisha akamgeukia mhandisi.

"Ukuta una ufa?"

"Hauna."

"Alhamdulillahi. Tuendelee."

Mwalimu alisema anaomba mambo mawili. Majina tisa yachongwe kwenye jiwe, na neno mtoro lifutwe kwenye daftari.

Karani ndiye aliyejibu. Alikuwa kijana nadhifu aliyependa kusoma maandishi kwa sauti hata kama kila mtu anayo nakala. "Kanuni haisemi mtoro ni aliyekimbia," alisema. "Nisome? Asiyechukua kibati chake kabla ya kengele ni mtoro. Basi. Sasa nauliza, na naomba jibu fupi. Hao tisa walichukua vibati vyao?"

"Walikuwa ndani ya zege," alisema mwalimu.

"Walichukua?"

"Hawakuchukua."

"Basi daftari halijakosea." Akafunua karatasi nyingine. "Halafu mwalimu, kanuni hii umeitunga tena wewe mwenyewe. Ukurasa wa pili. Huu si mkono wako?"

Ulikuwa mkono wake. Mwalimu alijisikia vibaya kuliko siku yoyote aliyoweza kuikumbuka, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Aliomba basi aifute kwenye mchezo, angalau kwenye mchezo. Aliambiwa kanuni zimeshapigwa chapa nakala mia tano, na ufunguzi ni Jumamosi. Kuhusu jiwe, fundi alikuwa amemaliza kuchonga na ameshaanza kung'arisha. Wajumbe wakapewa soda.

Alimkuta mama akichambua mchele. Akamweleza yote bila kupunguza, hata ule ukurasa wa pili, na mama akachambua mchele mpaka ukaisha.

"Mtu haulizwi alichoandika kabla hajajua," alisema. "Jumamosi unipitie mapema."

Jumamosi kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, na kipaza sauti kilichopiga kelele kila mwenyekiti alipokikaribia. Jiwe lilifunuliwa. Lilikuwa na majina mia tatu tisini na moja. Mama alilisoma lote kwa kidole, tangu juu mpaka chini, na foleni ikasimama nyuma yake bila kunung'unika, kwa sababu watu walijua anamtafuta nani na walijua hayumo. Alipomaliza alisema ahsante, bila kumlenga mtu, akatembea mpaka getini kwenye ubao wa misumari.

Fundi baiskeli alikuwa pale na kibati cha mia mbili kumi na nne mkononi. Mama akanyoosha kiganja.

"Chukua tu, mama," alisema. "Mimi leo mgongo hauniachi."

Mama akakitundika kibati mwenyewe, akaingia uwanjani pamoja na timu ya kulia. Alienda moja kwa moja boksi la saba, akapiga magoti, akapenyeza mikono kwenye jezi, akaivaa juu ya gauni lake. Ilimfika mapajani. Akakaa, akakunja miguu, akawaambia vijana waendelee, wasimwogope.

Walicheza. Ulikuwa mchezo mzuri, na hilo pia lazima lisemwe. Watu walipiga kelele mpaka sauti zikakauka, maji yaliruka huku na huku, na mara moja mpira ulimpiga mama begani, mchezaji akaja mbio kumwomba radhi. Timu ya kushoto ilifika katikati kwanza. Kengele ikapigwa. Wanane wa boksi la saba wakavua jezi wakaenda kunywa maji. Mama hakuvua.

Mwalimu alimfuata. "Mama, vua twende. Jua kali."

"Nikiivua nitakuwa nimemkana."

"Na usipoivua?"

"Nitakuwa nimekaa na baba yangu. Hata angekuwa hai ungenikataza?"

Mwalimu alisimama pale, moyo umemjaa hasira na hakujua aimwage wapi. Alitaka kumkemea kama mtoto, akataka kumbeba, akajua jezi haitaruhusu hata hatua moja. Mwishowe alienda kuleta kiti. Jioni alileta godoro, siku ya pili turubai na fito nne, na mkata majani alimsaidia kuchimba mashimo, akiuliza tu kama hema hilo litakuwapo mpaka Ijumaa, siku yake ya kukata.

Lilikuwapo Ijumaa hiyo, na zilizofuata. Mchezo ulikuwa umependwa, kamati ikaufanya ligi ya kila Jumamosi, timu zikaja kutoka mbali. Wachezaji walizoea kumpita mama kushoto au kulia, na wageni walielezwa kabla ya kuanza, pamoja na mambo mengine ya uwanja kama lile shimo karibu na kona. Wake zao walimletea chakula. Mwenyekiti alipita siku moja na mwavuli mzuri, akamwachia. Manahodha walipatana kwamba pointi za boksi la saba zigawanywe nusu kwa nusu ili mambo yawe sawa, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba kila timu inaanza ikiwa na deni. Jiwe liling'arishwa kila mwisho wa mwezi.

Mwalimu aliandika barua tano. Alijibiwa zote, kwa adabu, na majibu yalikuwa yanafanana.

Masika yalipoanza, mama alianza kukohoa. Daktari wa zahanati alikuja na mkoba wake mpaka boksi la saba, akamsikiliza kifua chini ya turubai, akasema anatakiwa kulazwa mahali pakavu. Mama alimshukuru, akamwuliza habari za watoto wake.

Jumamosi hiyo mechi ilichezwa kwenye tope. Kengele ilipopigwa, karani alihesabu vibati kwenye ubao, kisha akavuka uwanja na ubao wake wa kuandikia akiwa ameufunika kwa nailoni. Alikuwa na desturi ya kuhakikisha kwa macho. Alisimama mbele ya kiti cha mama, maji yakimchuruzika usoni.

"Shikamoo mama. Mia mbili kumi na nne, kibati hakijachukuliwa."

"Marahaba, baba. Kipo msumarini."

"Basi nakuandika mtoro."

"Andika. Lakini niangalie unapoandika."

Karani alikuwa na malezi mazuri. Alimwangalia, machoni kabisa, mkono wake ukiandika bila kutazama karatasi, na herufi zilitoka zimenyooka kama kawaida yake. Kisha akampa karatasi mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti akimpapasa mama mgongo kwa ajili ya kikohozi, kwa kuwa matokeo husainiwa na mbunifu wa mchezo. Mwalimu alisaini. Matokeo yasiposainiwa uwanja hufungwa kwa kufuli, na mama alikuwa bado ndani.